Mintarafu ya Ukuta Kati ya Mlangoni na Stoo

Ekerenyo,
14 Juni 1999

Kwa Bwana Jaswant,
Mwenye duka la jumla, Kisii mjini.

Kwa hivyo, kama nilivyokuwa nikisema Jumanne kabla hujaitwa kwenye simu, ukuta ule usibomolewe. Uliporudi ulinikuta nimesahau nilikofika, ukadhani nimemaliza, ukanipimia kilo mbili za misumari ambazo sikuja kununua. Nimezileta nyumbani. Ni misumari mizuri. Lakini neno langu lilibaki kooni, ndiyo maana nakuandikia, maana kwenye karatasi hakuna simu inayolia.

Hujambo, pamoja na Mama Shanta na wote wa nyumbani? Sisi hatujambo. Mimi hasa sijambo kuliko inavyomstahili mtu mmoja. Leo ni wiki ya saba na siku mbili tangu nifunge ndoa na Bochaberi, ambaye wewe unamjua kama fundi wako wa kompyuta, na mimi namjua kama sababu ya chai ya Ekerenyo kuchipua hata wiki isiyo na mvua. Mimi ni Mogire, karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai. Nimesoma hadi kidato cha nne, na kompyuta naijua kwa upendo tu. Yote nitakayoyasema nimeelezwa na mke wangu akiwa anamenya viazi. Nikikosea mahali, ni kwa sababu macho yalikuwa kwenye mikono yake na masikio yakayafuata.

Nianze na jambo lenyewe, ili Otiende, fundi wako wa mitambo, akiisoma barua hii asiseme sielewi. Matawi yako ya Masimba na Nyansiongo huipigia simu kompyuta ya Kisii. Karani wa tawi huona ukurasa kwenye kioo, akajaza anachotaka kutoka stoo kuu, akabonyeza, na ombi lake likaingia kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma iliyofunikwa kitambaa cha maua. Ndani ya seva mke wangu ameweka prosesi mbili, yaani watendaji wawili waliotengana, kila mmoja na kumbukumbu yake ambayo mwenzake hawezi kuichungulia. Huo ndio ukuta ninaousema. Wa kwanza anaitwa Mlangoni. Kazi yake ni kupokea maombi. Wa pili anaitwa Stoo. Huyu ndiye anayejua kilichoko kwenye rafu. Mlangoni hulifungasha ombi: nani anaomba, wa tawi gani, anataka nini. Huhesabu herufi zake, huandika hesabu hiyo juu ya kifurushi, kisha hukipitisha kwenye bomba, njia pekee iliyo kati yao. Stoo husoma hesabu kwanza, halafu huchukua herufi hizo tu, si moja zaidi, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hawaonani. Hawagusani. Wanaheshimiana.

Najua kilichokuudhi. Mwezi uliopita Masimba waliomba ndoo, kamba na sare dazani nne, yaani sare za shule za wasichana. Muda mfupi baadaye Nyansiongo wakaomba chumvi ya ng'ombe magunia matatu. Masimba wakapata ndoo na kamba. Nyansiongo wakapata chumvi yao, na juu ya magunia sare dazani nne, zimekunjwa vizuri. Karani wa Nyansiongo akakupigia simu, na duka zima likamsikia akiuliza ng'ombe wa huko kwao Borabu wanaingia kidato cha kwanza lini. Nimeambiwa ulicheka, lakini kwa midomo tu.

Baada ya hapo ikatoka amri kwamba ukuta ubomolewe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mlangoni na Stoo wawe prosesi moja, kumbukumbu moja, chumba kimoja, pasiwe na kupitishiana kitu. Na Jumanne, nikingoja zamu yangu kaunta, nilimsikia Otiende akimwambia mpakizi wa magunia, "Bibi ya huyu wa majani chai asipomaliza mwezi huu, Jaswant analeta fundi wa Nakuru. Huyo anaandika programu na mkono mmoja, mwingine unashika mandazi."

Sijamwuliza mke wangu. Akiniona nimekunja uso huacha kula, na yeye akiacha kula mimi hushindwa kusoma mizani. Lakini najua anavyoipenda kazi hii. Akiizungumzia huweka kisu chini, hata kama viazi vinangojewa. Akifukuzwa kwa ajili ya ukuta aliojenga kwa heshima, nitakuwa nimeoa mwanamke mwenye furaha na kukaa na mwingine. Hilo, Bwana Jaswant, siwezi kulinyamazia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta ule ni wa adabu. Wewe umezaliwa Kisii, na Baba yangu, Mzee Josiah Angwenyi, husema unakisema Ekegusii kunishinda mimi, kwa hivyo huhitaji kufundishwa chinsoni, ile heshima ya wakwe. Lakini nitaandika kwa ajili ya huyo wa Nakuru. Kwetu, baba havuki kizingiti cha nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana havuki kizingiti cha baba mkwe. Wanapendana, ila kila mmoja kwake. Kati yao huwa pana mtu wa kupeleka maneno, na mtu huyo ni mimi. Januari, Bochaberi alipokuja kwetu mara ya kwanza na shangazi yake, alikaa barazani kwangu akinitazama nikienda na kurudi, nyumba kwa nyumba, nikibeba maneno ya Baba na kurudisha yake. Akatoa daftari akaandika. Mimi nilidhani ananiandika mimi, nikanyoosha mgongo. Kumbe alikuwa anaipanga programu yako. Sasa unapoamuru Mlangoni na Stoo wakae chumba kimoja, unamwamuru mke wangu ahamie chumbani kwa Baba. Baba sijamwambia. Ana shinikizo la damu.

2. Ukuta hauna kosa lolote katika jambo la sare. Kosa ni la salamu. Mke wangu akiwa likizo ya harusi, siku nne tu ambazo mimi nilizihesabu kwa dakika, wapakizi wa stoo walilalamika kwamba maombi yanawafikia makavu kama amri ya polisi. Otiende akajitolea kuyatia adabu. Akaweka "Habari za kazi." mbele ya kila ombi. Vizuri sana, sisi sote tumelelewa. Lakini aliiweka baada ya Mlangoni kumaliza kuhesabu. "Habari za kazi." ni herufi kumi na tano, ukihesabu nafasi na nukta. Stoo akasoma hesabu ya zamani, akachukua herufi alizoambiwa, salamu zikala nafasi ya mzigo, na herufi kumi na tano za mwisho zikabaki bombani. Herufi hizo zilikuwa "sare dazani nne". Hesabu mwenyewe kwa vidole. Mimi nimehesabu mara tatu, moja nikiwa kanisani. Ombi la Nyansiongo lilipopita likaukuta mkia huo umelala njiani, likaingia nao.

3. Stoo huugua. Si siri, vitu vikihamishwa rafu bila yeye kuambiwa huduwaa na kuanguka. Siku hiyo Mlangoni hubaki amesimama, huwaambia Masimba kwa upole wasubiri kidogo, huamsha Stoo mwingine, na maisha yakaendelea. Walaze kitanda kimoja, mmoja akianguka ataondoka na blanketi la mwenzake. Machi, Baba alipougua malaria, nyumba yangu iliendelea kupika na uji ukamfikia ukiwa moto. Ingekuwa nyumba moja, tungelala sote tukiulizana nani atamletea nani.

4. Otiende huwauliza watu dukani, "Hao ni wa boma moja, wanaandikiana barua za nini?" Nilimjibu papo hapo, ila kimoyomoyo, kwa sababu ni mrefu. Jibu lenyewe ni kwamba watu wa boma moja ndio hasa wanaohitaji barua. Mtu wa mbali ukimkosea, huenda zake. Wa karibu utamkuta kesho asubuhi mtoni, na keshokutwa pia. Otiende ni mtu wa ziwani, na huko kwao najua mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe kujipakulia samaki. Aende ajaribu, kisha arudi tuzungumze kuhusu prosesi.

5. Ikiwa ukuta ni adui, basi tuwe watu wa haki, tuubomoe kila mahali. Tuanze na kaunta yako. Wateja wajiingilie wenyewe, wapande ngazi hadi orofani mnakoishi, wamwombe Mama Shanta awatafutie misumari kati ya mito ya kitanda. Tukimaliza hapo twende wilayani. Nyamira ilipokatwa kutoka Kisii ofisi zikawa mbili, faili zikawa mbili na barua zikapita katikati, na sijasikia Otiende akisimama barazani kudai vichanganywe tena. Tusiishie hapo. Ng'ombe ana vyumba vinne tumboni, na majani hupitishwa kutoka chumba hadi chumba kwa utaratibu uliowekwa na Mwenyezi Mungu kabla ya kompyuta. Tuvibomoe navyo, tumpe karani wa Nyansiongo ng'ombe mwenye chumba kimoja, tuone kama atapata maziwa au atapata barua ya malalamiko ndefu kuliko hii.

6. Jumamosi. Hapa nitaandika polepole.

Mke wangu amepanga chumba Kisii siku za kazi, na Ijumaa jioni hurudi Ekerenyo. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na mchungaji akatuombea. Tangu harusi zimepita Jumamosi saba, na nne kati ya hizo ameshinda kwenye seva yako, akafika nyumbani Jumamosi jioni amechoka, akaondoka Jumapili baada ya chakula. Nimepiga hesabu nikaona kwamba katika ndoa hii mimi nimemwona kidogo kuliko Otiende. Jumamosi iliyopita nilipika ndizi kwa mkono wangu, nikatoa meza nje palipo na kivuli, nikavaa shati la harusi. Nilikaa. Kufikia saa kumi kuku wa jirani walikuwa wamenizoea, na mmoja alipanda mezani akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza swali lakini anaogopa kunichoma. Baba alipita kwa mbali, akakohoa, akasema akiuelekea mti wa parachichi, kwa heshima, ili isiwe ananisema mimi, "Kuna watu walioa, na kuna watu walioalikwa kwenye harusi." Yote haya yametokana na amri ya kubomoa ukuta. Kujenga kulimchukua mke wangu siku za kazi tu. Kubomoa kunakula Jumamosi zangu.

7. Kwa kuwa imeonekana hamliamini bomba, naomba rasmi kazi ya bomba.

Usicheke kabla hujasoma. Mlangoni apewe kompyuta moja, Stoo apewe nyingine, na mimi niwekwe katikati. Ombi likifika, Mlangoni atalichapa kwenye karatasi na hesabu ya herufi juu yake. Nitalibeba kwa miguu hadi kwa Stoo, nitahesabu herufi mbele ya mashahidi, nitalisoma kwa sauti, nitarudi na jibu. Nimejipima hapa kituoni kati ya mizani na ghala: naweza kubeba maombi arobaini kwa saa, thelathini na tano ikiwa nimekula. Uzoefu ninao tangu Januari. Kosa langu kubwa ni moja, na nakiri kabla hujalisikia kwa wengine. Siku moja ya Mei Baba aliniambia, "Mwambie aanue mahindi, mvua hiyo." Nilikwenda nikaanza kwa kumwambia mke wangu kwamba Baba anamsalimu sana, kwamba tangu aje boma limepata nuru, kwamba hata ng'ombe anatoa maziwa kwa furaha. Nilipofika kwenye mahindi, mahindi yalikuwa yanaelea. Baba alisema, "Mogire, nilikupa maneno matano, wewe umepeleka harusi nzima." Nimejirekebisha. Siku hizi salamu huziweka mwisho. Mshahara siulizi. Naomba tu kiti changu kiwe upande wa kushoto wa mke wangu, kwa sababu ndiko anakogeuza uso anapofikiri.

Hayo ndiyo yangu, Bwana Jaswant. Nakuomba mbele ya adabu zote mbili, zako na zetu, uiondoe amri hiyo, umwache huyo wa Nakuru na mandazi yake, na umhakikishie mke wangu kazi yake, bila kumwambia kwamba mimi ndimi niliyeomba. Kama kuna gharama ya kuuacha ukuta ulipo, sijui itakuwa ya nini, kwa sababu umeshajengwa.

Nasimama hapa maana majani yameanza kufika na akina mama hawapendi mizani inayoandika barua. Msalimie Mama Shanta. Wasalimie wapakizi, karani wa Masimba aliyekosa sare zake, karani wa Nyansiongo pamoja na ng'ombe wake, wenye sare na wasio nazo. Na Otiende naye msalimie, lakini salamu zake ziwe fupi.

Ni mimi ninayeomba ukuta usimame,

Mogire Angwenyi,
Mume wa Bochaberi.

Tanbihi, Jumamosi 19 Juni: Barua hii ilichelewa kwa sababu sikuwa na bahasha inayolingana na heshima yako. Jana jioni mke wangu alirudi, akaikuta chini ya Biblia, akaisoma. Aliisoma akiwa amesimama hadi namba tatu, akaketi kwenye namba tano, na kufikia kazi ya bomba alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni akifuta machozi kwa kanga. Kisha akaniambia mambo ambayo ni haki uyajue, ingawa naona wewe uliyajua tangu mwanzo na ndiyo maana ulinipimia misumari.

Amri ya kubomoa si yako wala ya Otiende. Ni yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kwako na kusema kwamba matawi mawili hayahitaji watendaji wawili na bomba, kwamba kufungasha na kufungua vifurushi kunachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kosa la salamu alilirekebisha siku ile ile ya sare. Mwisho wa mwezi aliupanga yeye. Fundi wa Nakuru hayupo. Otiende aliniona nimesimama pale nikimtazama mke wangu kupitia kidirisha, akaniumbia huyo mtu papo hapo, hata mandazi akampa. Na zile Jumamosi nne hazikuliwa na kubomoa. Zililiwa na bomba lenyewe, ambalo Jumamosi, matawi yote mawili yakiagiza kwa pamoja, huziba, na lazima mtu akae kando yake kulizibua. Alitaka kuubomoa ukuta ili apate kurudi nyumbani. Hakuniambia kwa sababu alitaka nishtukie tu amefika. Nilimwuliza, na chinsoni je? Akasema, "Baba ya watu ni baba ya watu. Programu haina mkwe."

Aliubomoa Alhamisi. Ilimchukua asubuhi moja. Anasema inakwenda mbio, na Masimba wamepata sare zao.

Kwa hivyo nayaondoa malalamiko namba moja hadi tano, na ombi la kazi pia. Namba sita naliondoa kwa furaha, kwa maana ninapoandika haya ni saa nne asubuhi, ni Jumamosi, na fundi wako ameketi mbele yangu anakula ndizi na kuniuliza bado naandika nini. Nitafika dukani kabla mwezi haujaisha kumwomba Otiende msamaha ana kwa ana, jinsi alivyo mrefu. Nitakuja siku ya kazi. Jumamosi sina nafasi.